Ukipata siku kumi za Japani: Miyajima kwanza, halafu visu vya Kappabashi

Kama una siku kumi za Japani na pesa zenyewe ni za kuchunga, siku mbili zipeleke Miyajima na usiku mmoja ulale hukohuko kisiwani, hayo mengine tutaongea. Naanza na hili manake najua wengi wetu wakipata visa wanakwenda Tokyo, wanakaa papo hapo Shibuya kupiga picha kwenye ile njia panda ya watu wengi, wakirudi wanasema Japani ni taa na majengo tu. Sisi tulikaa siku kumi na mbili mwezi wa Novemba, mimi na mume wangu, yeye ni nahodha wa mashua ya wageni hapa Lamu na mimi nina jiko langu mtaa wa Langoni napikia wageni wanaoagiza, kwa hivyo haya niliyoyaona nimeyaona kwa jicho la bahari na jicho la chungu. Habari za magemu na makatuni waulizeni vijana, huko hatukufika.

Visa Mkenya lazima aombe ubalozini Nairobi, sisi tulialikwa na mke na mume Wajapani ambao ni wageni wetu wa miaka, wakatuandikia barua, ikasaidia sana. Ndege ni Manda mpaka Nairobi, Nairobi mpaka Doha, halafu Tokyo, moja kwa moja hakuna. Na pesa yao haina hesabu ngumu, wakati tulipokwenda yeni 1,000 ilikuwa kama shilingi mia nane na kitu, kwa hivyo ukiona bei ya yeni ichukue kama shilingi na upunguze kidogo, hutapotea dukani.

Haya, Miyajima. Toka Tokyo ni treni ya kasi mpaka Hiroshima, karibu saa nne, nauli karibu yeni 19,000 mtu mmoja kwenda tu, na hiyo ndiyo iliyotuuma zaidi safari nzima. Kuna ile pasi ya treni ya watalii ambayo kila mtu alikuwa anaisifu zamani, ila tangu Oktoba 2023 ya siku saba ilipanda toka yeni 29,650 mpaka 50,000, piga hesabu yako kabla ya kununua, sisi tulipiga tukaona tiketi za kawaida ndio nafuu manake tulirudi mwendo tukipumzika Osaka na Kyoto. Ukifika Hiroshima unapanda treni ndogo kama nusu saa mpaka Miyajimaguchi, halafu feri dakika kumi tu. Unalipa yeni 100 ya kodi ya mgeni juu ya nauli, si kitu.

Sasa mle kwenye feri ndipo mume wangu alipobadilika. Tangu Tokyo alikuwa kimya, mtu wa kufuata tu, treni hii, treni ile. Feri ilipokaribia akasimama ubavuni akawa anaangalia ule ukuta wa mawe ufukweni, pale penye weusi wa maji, akanambia, "Mama Nuru, hii bamvua hii. Maji yatapwa mpaka kule langoni, ndoo tukae tungoje." Na kweli. Lango lenyewe ni lile jekundu linalosimama baharini, wanaliita torii, lina urefu wa mita 16.6, na hili la sasa limesimama tangu 1875. Tulipofika maji yalikuwa yamelizunguka kama chombo kimetia nanga. Tukakaa kwenye ngazi za mawe, tukala mikate yetu, na maji yakaanza kutoka kama yanavyotoka kwetu, kwanza huoni kitu, halafu ghafla unaona mchanga, halafu watu wanavua viatu wanashuka.

Tulishuka na sisi. Ukisimama chini ya zile nguzo mbili kubwa ndipo unajua ukubwa wake, ni magogo mazima ya mti ule unaotoa karafuu maiti, hayakunyooshwa, yana vinundu vyake na mkunjo wake kama yalivyoota, na huku chini yameng'ang'aniwa na makome madogo kama nguzo za gati letu. Mume wangu alizunguka akatafuta lilipofukiwa, hakupata. Yule mwenyeji wetu akatueleza kwamba halikufukiwa, limesimama kwa uzito wake mwenyewe, kama tani 60, na lile boriti la juu ndani lina uwazi uliojazwa mawe ya ukubwa wa ngumi ili lizidi kukaa chini. Mume wangu aliposikia habari ya mawe alicheka kwa furaha wallahi, akasema ni farumi hiyo, ni kama tunavyoweka viroba vya mchanga kwenye mashua, watu wa bahari ni wamoja. Alilipapasa lile gogo kama anavyopapasa mkuku wa chombo kipya.

Na lile hekalu lao nyuma, Itsukushima, limejengwa juu ya maji kwa nguzo kama jengo lililopanda miguu, umbo lake hili ni la tangu 1168. Kuingia yeni 300. Mimi ibada yangu naijua na mambo yao ya ibada sikuyaingilia, ila kuangalia nimeangalia, na kitu cha kuangalia ni sakafu: mbao zimeachiana nafasi makusudi, maji yakija na dhoruba yapenye yapande juu yasisukume sakafu ikang'oka. Sisi wa Lamu tunaojenga ukingoni mwa bahari tungeweza kujifunza hapo.

Jambo la kujua kabla: tafuta ratiba ya maji. Wanaandika kwa sentimita, chini ya 100 unatembea mpaka langoni, juu ya 250 ndio unaliona linaelea. Tuliona watu wamefika saa moja tu, wamepiga picha maji yakiwa nusunusu, wakapanda feri wakaondoka. Ndio maana nasema ulale. Usiku feri za watalii zikiisha kijiji kinatulia, taa zinawashwa kwenye lango, maji yamejaa, na husikii ila maji yanagonga mawe. Chumba cha kulala kilikuwa cha mikeka, viatu unaacha mlangoni kama kwetu, baridi ya Novemba ilikuwa ya kukata mifupa lakini walitupa magodoro mazito na chai.

Kulungu pale wanatembea vichochoroni kama punda wetu, wanalala barazani mwa watu, hakuna anayewafukuza. Usiwalishe, hairuhusiwi. Na shika karatasi zako vizuri, mmoja alimnyang'anya mume wangu ramani akaitafuna yote mbele ya macho yetu.

Kuhusu Hiroshima yenyewe sitaandika mengi. Jumba la makumbusho la bomu ni yeni 200 na ukishafika mji huo ni haki uingie. Ilikuwa tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo asubuhi. Kuna kibaiskeli cha mtoto cha magurudumu matatu, kimeungua, kimewekwa peke yake kwenye kioo. Mimi nilisimama pale sikuweza kwenda mbele, nina mjukuu wa umri huo. Usiende na mipango ya kwenda kula raha mara ukitoka, jipe nafasi.

Chakula. Hapa ndipo nataka watu wasome polepole manake ndipo watu wetu wanapoteleza. Japani samaki ni wengi, wengine wanadhani ukila samaki umesalimika. Si hivyo. Mchuzi wao wa soya mara nyingine una pombe ndani, na kuna kitu kinaitwa mirin, ni mvinyo mtamu wa mchele, wanautia kwenye mchuzi, kwenye samaki wa kuchoma, wakati mwingine hata kwenye siki ya wali wa sushi. Mchuzi wa tambi unaweza kuwa wa mifupa ya nguruwe na hata hawajaandika nguruwe. Kwa hivyo jifunze herufi mbili tu kabla ya safari, 豚 ni nguruwe, 酒 ni pombe, na uwe na programu ya simu inayosoma maandishi kwa kamera. Mimi nilizikopi zile herufi nyuma ya daftari langu na zimenifaa kuliko kitu chochote nilichobeba.

Kuna mgahawa mmoja, mji sitautaja na jina sitalitaja, mlangoni wamebandika stika kubwa ya kuwakaribisha Waislamu, tukaingia tumefurahi, tuna njaa. Nyama kweli ilikuwa ya kuchinjwa, walituonyesha karatasi. Lakini nikauliza mchuzi huu wa kupaka umetiwa nini, yule kijana akaenda jikoni akarudi akasema kwa heshima zote una mirin. Iliniuma sana. Kijana sikumkasirikia, alisema kweli, ila ile stika ndiyo iliyoniudhi, manake mgeni asiyejua kuuliza angekula akashukuru. Tuliinuka tukaomba radhi tukatoka. Kwa hivyo stika isikutoshe, uliza nyama, uliza mchuzi, uliza mafuta. Wenyewe hawachukii kuulizwa, hawana hasira hizo, na wakiwa hawajui wanakwambia hawajui.

Pale palipotufaa ni Tokyo upande wa Asakusa, kuna mikahawa ya tambi za ramen iliyo halali kabisa, tuliyoingia sisi mchuzi ulikuwa wa kuku, mzito, umechemka mpaka mifupa imetoa roho yake, na ghorofani pana kijichumba cha kuswalia na mswala umekunjwa. Bakuli lilitosha kushinda nalo kutwa. Na siku za haraka tulikula onigiri za kombini, yaani yale maduka madogo yanayofunguliwa saa ishirini na nne kila kona, ni wali umefumbatwa kwa mwani. Nilipenda ile yenye tunda dogo la chachu lililotiwa chumvi, ukiitafuna utadhani achari ya embe bichi. Tulisoma karatasi kila mara. Bei chini ya yeni 200 kwa nyingi, hapo hakuna wa kulalamika.

Tsukiji, penye soko la samaki la Tokyo, nilikwenda mara mbili. Watu wajue kwamba lile soko kubwa la mnada lilihamishwa Oktoba 2018 likapelekwa Toyosu, kilichobaki Tsukiji ni vichochoro vya nje vya maduka na vibanda. Saa tatu asubuhi pamejaa watalii huwezi kupita, na bei za vijiti vya nyama na za mayai ya shokishoki ni za kuwauzia watalii, mimi sikununua. Nenda saa moja na nusu, na usiende Jumapili manake wengi wamefunga. Kilichonivuta pale ni ng'onda yao. Ni aina ya jodari mdogo, wanamchemsha, wanamfukiza moshi, wanamkausha, wengine wanamwotesha ukungu wamkaushe tena, miezi, mpaka anakuwa mgumu kama mpingo, ukigonganisha wawili wanalia kama vijiti. Halafu wanampiga randa! Kijisanduku kimefungwa ubao wa randa, yule mama anausugua ule samaki, chini zinaanguka taka laini kama za seremala, rangi ya waridi, unatia mdomoni inayeyuka na unabaki na harufu ya moshi na bahari. Hiyo ndiyo inayotengeneza supu zao karibu zote. Nilinunua pakiti mbili. Nimejaribu kuitia kwenye mchuzi wa nazi wa bamia, kidogo tu mwishoni, na nawaambia ukweli imekaa vizuri, ingawa mama yangu alisema papa wetu ni mkali zaidi.

Osaka tulikula pweza. Wanamkata vipande, wanamtia kwenye uji wa ngano wanaougeuza kwa kijiti kwenye chuma chenye vishimo mpaka unakuwa duara, takoyaki, mji huo ndio kwao. Ule mkono wa kugeuza ni wa kuangalia, ni kama mwanamke anayepika vitumbua ila wa kwetu unageuza mara moja na wao wanazungusha kama wanachezea gololi. Mchuzi wa juu uliza kwanza, mimi nilisema nipeni bila mchuzi na chumvi tu, wakanipa. Ladha? Uji wake ni mwororo mno ndani, mume wangu hakuupenda, alisema haujaiva. Mimi niliupenda. Pweza wao wengi wanatoka Mauritania na Morocco, nilipoambiwa hivyo nilishangaa, tumesafiri kote huko kula pweza wa Afrika! Soko la Kuromon hapohapo Osaka unaweza kuliruka, bei zake zimepanda kwa ajili ya wageni na vitu ni vilevile utakavyoviona kwengine.

Kyoto nitapita haraka. Fushimi Inari hakuna kiingilio na hakufungwi usiku wala mchana, yale malango mekundu maelfu yamepangana mpaka juu mlimani, nenda alfajiri baada ya kuswali, tulipanda nusu tu magoti yakakataa. Soko la Nishiki ni kichochoro chembamba kilichoezekwa, kachumbari za kila namna, wanakuomba usile ukitembea, simama pale ulipoununua umalize. Na Gion, ile mitaa ya wanawake waliopaka uso mweupe, kuna vichochoro vya watu binafsi watalii wamepigwa marufuku tangu 2024 na kibao kinasema faini yeni 10,000. Mimi niliwaunga mkono. Hapa Lamu tunajua karaha ya kuchunguliwa ndani ya daka na kamera ilivyo kwa mwenye nyumba.

Sasa Kappabashi. Ni mtaa Tokyo, katikati ya Asakusa na Ueno, kama mita 800, maduka karibu 170 na yote ni vyombo vya jikoni. Utaujua kwa kichwa kikubwa cha mpishi mwenye kofia nyeupe juu ya jengo la kona. Nilimwambia mume wangu hapa niache, njoo nichukue alasiri. Masufuria, mabakuli, vifaa vya kuchongea mboga, vyakula vya plastiki vile wanavyoviweka madirishani utadhani unaweza kula. Lakini mimi nilikwenda kwa ajili ya kisu.

Duka nililoingia lilikuwa dogo, visu vimelala kwenye kioo kama dhahabu ya sonara. Mzee wa duka hakunionyesha kitu, kwanza akaniuliza kwa simu ya kutafsiri, unakata nini? Swali hilo hakuna muuza visu aliyewahi kuniuliza maishani. Nikamwonyesha picha, jodari, nguru, kolekole, kichwa cha changu kwenye chungu. Akachukua kisu kimoja kinene mgongoni, kizito, kinaitwa deba, akakigeuza nione: makali yako upande mmoja tu, upande wa pili umenyooka na una kibonde kidogo. Akaeleza kwa mikono, huu ulionyooka unalala juu ya mfupa, kisu kinafuata mfupa wenyewe, nyama yote inabaki upande wako. Halafu akauliza mkono gani, kulia au shoto. Manake wa shoto kisu chake ni kingine, na ghali zaidi. Mume wangu ni wa shoto, nikamwonea huruma, chake sikununua.

Akaniambia ukweli pia, akanishauri nisichukue hiki peke yake. Deba hii ni chuma kinachoshika kutu, nikamwambia kwetu hewa ni chumvi tupu, hata bawaba za mlango zinaoza. Akatikisa kichwa akanipa cha pili, santoku, cha chuma kisichoshika kutu, cha kukatia kila kitu. Deba yeni 13,200, santoku 8,800, na kinoo 3,300, jumla 25,300, nikatoa pasipoti akaniondolea kodi ikawa 23,000 kamili. Akachonga jina langu kwenye deba kwa kinyundo na patasi ndogo, bila malipo, herufi zao, dakika tatu. Akakifunga. Akatoka mpaka nje ya duka akainama mpaka tukakata kona.

Sasa mimi nina miezi navyo hivi visu kwa hivyo naweza kusema. Deba ilitoa doa la kahawia wiki ya kwanza tu, mara moja nilisahau kuipangusa nikaenda kufungua mlango. Sasa nikimaliza naosha, nakausha, napaka mafuta, naweka mbali na dirisha la baharini, na hali yake ni nzuri. Lakini siku ya kwanza niliyotia kichwa cha kolekole chini yake, kile kishindo cha kwanza pale nyuma ya shavu, kikapita kama kimepita kwenye papai, na minofu ikatoka mfupa umebaki mweupe unaona mwanga, nilimwita jirani aje aone. Mama wa kawaida ambaye hapasui samaki wakubwa achukue santoku tu, inamtosha na haina kazi ya kupaka mafuta. Kinoo usikose, kisu bila kinoo ni mwaka mmoja tu. Na visu viwe kwenye begi la kupakia chini ya ndege, mkononi utanyang'anywa. Jumapili maduka mengi yamefunga na jioni wanafunga mapema.

Habari ya kodi: kwa sasa ukinunua kuanzia yeni 5,000 duka moja siku moja unaonyesha pasipoti inaondolewa papo hapo, lakini kuanzia 1 Novemba 2026 utaratibu unabadilika, utalipa yote halafu utarudishiwa ukiondoka uwanja wa ndege. Atakayekwenda baada ya hapo aweke nafasi ya muda pale.

Zawadi za watoto na majirani nenda maduka ya yeni mia kama Daiso, na kodi ni 110, tulijaza begi zima. Don Quijote ni duka la kelele na vitu mpaka darini, usiku kucha liko wazi kwa mengi yao, mimi kichwa kiliniuma, nikachukua chokoleti za chai ya kijani nikatoka. Ila nguo, sikilizeni. Wana kitambaa cha kufungia vitu kinaitwa furoshiki, mraba, kina pindo, kina rangi, nilipokishika nikakumbuka sanduku la nyanya yangu, manake bibi zetu walivaa leso zilizochapwa Japani, zilikuja na meli miaka hiyo, na yeye alikuwa akisema leso ya Japani haichuji. Nikamuuliza muuzaji hiki kina jina? Nikamwonyesha kwenye simu leso yangu yenye maneno chini. Hakuelewa kwa nini nguo iseme, lakini aliita wenzake wawili waje waone picha na wote wakataka kujua imeandikwa nini. Ilikuwa "Mgeni njoo mwenyeji apone". Tukakaa hapo robo saa.

Asakusa kwenyewe, hekalu la Senso-ji lenye taa kubwa nyekundu ya kilo 700 mlangoni, ni bure, msongamano mkubwa mchana, usiku ndio pazuri. Wanasema lilianza mwaka 628 ndugu wawili wavuvi walipotupa nyavu mtoni zikatoka na sanamu. Mume wangu aliipenda hiyo, kwamba wavuvi ndio wametajwa. Skytree, ule mnara wa mita 634, tuliuona toka chini ukatutosha.

Swala haikutupa shida. Msikiti wa Tokyo uko karibu na stesheni ya Yoyogi-Uehara, wa kwanza ulijengwa 1938 na Watatari waliokimbia Urusi, huu wa sasa ulifunguliwa 2000, mtindo wa Kituruki, marumaru nyeupe na mnara mwembamba, na chini pana duka la vyakula halali. Ijumaa tulisikia khutba katika mji ambao hatukumjua mtu, na tulipotoa salamu kulia na kushoto safu ilikuwa ya mataifa yote. Na jambo ambalo dada zangu mtaniuliza, vyoo: karibu kila choo kina maji, unabonyeza tu, na kiti kina joto. Kustanji hakukuwa na tabu hata mara moja tangu tulipotua.

Mimi na buibui langu kwenye treni hakuna aliyenikodolea. Wanakaa kimya, hawazungumzi simu, mkiongea ongeeni chini. Bakshishi usimpe mtu, wanakurudishia mbio. Taka utabeba mfukoni kutwa, mapipa ni machache sana.

Kadi ya treni tulinunua Suica, unaweka pesa unagusa mlangoni, hata kombini inalipa. Yangu imebaki na yeni 640 na muda wake ni miaka kumi tangu ilipotumika mara ya mwisho. Iko kwenye droo ya kabati pamoja na lile daftari la herufi. Atakayekuwa na safari aje Langoni aichukue, na akirudi aniletee pakiti moja ya ile ng'onda.